Mama yangu alikataa mkono wa mkwe wake katikati ya dam

Wakuu, habari zenu. Mimi huwa nasoma tu humu, nawaangalia mkibishana na kucheka peke yangu. Leo wacha nitoe yangu. Sijatia chumvi, na hadi sasa nikikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili katikati. Mimi na mume wangu Barasa tulikuwa tumepanga nyumba Kitengela, enzi zile ukifungua dirisha unaona punda milia badala ya magorofa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya kupoteza mbili. Mama akatoka Bungoma kuja kuniona.

Sasa shida ikaanza.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mkono, hawali pamoja, na mama halali nyumbani kwa mkwe. Kwa hivyo mama alifikia kwa dada yangu ambaye hakuwa ameolewa, kule Embulbul, na mimi na tumbo langu nikawa nafunga safari kila weekend.

Nikachoka. Nikajiona mjanja.

Kulikuwa na ranchi moja barabara ya Namanga yenye dam kubwa, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Watu wa Nairobi walikuja Jumapili kuchoma nyama na kupanda boti. Nikawaza, dam si nyumba ya mtu. Tukutane huko, kila mmoja akae umbali wake, tupunge hewa.

Nyama ililiwa vizuri. Barasa chini ya mgunga wake, mama chini ya wake, mimi katikati nabeba sahani kama waiter.

Boti ilitakwa na mama mwenyewe. Nilishangaa, lakini nani amkatalie mama? Mwenye kupiga makasia alikuwa Lemayian, mwanamume wa makamo wa hapo hapo. Mama akakaa mbele kabisa akitupa mgongo, mimi katikati, Barasa na Lemayian nyuma. Life jacket mama alipewa, akaikalia. Ati inabana.

Mnaojua Kajiado mnajua upepo wake wa alasiri. Tulipofika katikati, ukapiga mara moja ukang'oa kitambaa cha mama kichwani. Kichwa wazi, na mkwe yuko nyuma yake! Mama aligeuka kwa kasi kukidaka, boti ikalala upande, mama huyo majini.

Nilipiga nduru mpaka ng'ombe waliokuwa wakinywa ng'ambo wakainua vichwa.

Boti ikazunguka, mama akaibuka upande wa Barasa, karibu kabisa. Barasa akalala ukingoni, akanyoosha mkono.

Wakuu, mama aliuona ule mkono. Alikuwa ameshainua wake. Akaurudisha.

"Hapana. Wewe hapana," akasema, akameza maji, akazama.

Sijawahi kushtuka hivyo maishani. Barasa akageuka kunitazama, macho yamemtoka. Na Lemayian, maana Wamaasai nao wana heshima yao ya wakwe, akaacha makasia akauliza, "Kwani huyo ni mama ya bibi yako?"

Swali gani hilo jamani, mtu anakufa!

"Barasa, shika yeye! Unaniangalia nini?"

Akaruka. Amekulia kando ya mto, kuogelea anajua. Alimfuata mama chini, akamkumbatia kutoka nyuma, wakaibuka pamoja. Mama alikuwa anampiga viwiko vya mbavuni! Lemayian akawapa kasia washike, akatuvuta polepole hadi nchi kavu.

Mama alitapika maji. Asante hakusema. Alivuta leso yangu, akajifunika kichwa, akalia. Barasa alikuwa ameketi kule mbali, amelowa chapachapa, anatetemeka, na mama hataki hata kugeukia upande ule. Nilimkasirikia mama yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

Wiki hiyo hiyo alirudi Bungoma. Kisha wajomba wakapiga simu: Barasa alete mbuzi, mambo yasafishwe. Nikafoka. Mtu ameokoa mtu halafu atoe mbuzi? Barasa akasema tu, "Twende tumalize."

Tukaenda. Mbuzi akachinjwa, wazee wakafanya yao. Baadaye nikamkuta mama jikoni anachambua kunde. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kweli ungekubali kufa sababu ya mkono?"

Hakuinua macho. "Hiyo mambo ya kugusa mkwe, laana yake haiangukiangi mimi. Inaangukia tumbo lako. Na wewe ulikuwa umepoteza wawili. Mimi nimeshaishi."

Nilikaa chini pale pale. Nikachukua kunde nikaanza kuchambua naye.

Njiani kurudi nilimweleza Barasa. Akasema, "Na mimi nilidhani tu ananichukia."

Binti yetu alizaliwa salama. Mimi nasema ni daktari, mama anasema ni mbuzi, na mjadala huo tumeufunga.

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kumkasirikia mtu maisha yote kwa jambo alilolifanya kwa ajili yako. Muulize kwanza.

Wenye wakwe, hebu semeni: ungekuwa Barasa, ungeruka? Na ungekuwa mama, ungeushika ule mkono? Nitukaneni mimi na boti mkitaka. Mama yangu mwacheni.