Siku Niliyokana Kumjua Régine

Siku yangu ya kwanza hospitalini niliingia kwa mlango wa jikoni. Monsieur Willy, mkuu wa jiko, alinitazama viatu kwanza, halafu uso, akasema, "Madame, hapa sakafu ina maji, utaanguka na hivyo visigino." Nikaosha vyombo pekupeku mpaka saa sita, alipoenda mwenyewe kunitafutia buti. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi kuja Ulaya na watoto watatu, na shule yangu iliishia mwaka wa nne kwa masista. Nyinyi wajukuu wangu mnaouguza wagonjwa leo mna diploma. Sisi tulianza na sabuni.

Kutoka jikoni nilipelekwa kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya Madame Fatiha, Mmoroko aliyeimba akikunja mashuka. Halafu Madame Lutgarde, muuguzi mkuu wa orofa ya nne, akaniomba niwe msaidizi wa wodi kwa waganga wa homoni. Homoni ni kitu kidogo kinachotembea ndani ya damu na kuuambia mwili ukue, ulale, uote ndevu au uote matiti. Madame Lutgarde alikuwa Mbelgiji Mflemishi, mrefu, sauti yake ya chini. Alinifunga vifungo vya blauzi kama ninayekwenda komunyo, akasema, "Georgette, ukishuka kwenye metro, hukuona mtu hapa."

Bon. Walikuja wenye sukari, wenye rovu shingoni. Na asubuhi za Alhamisi walikuja watu waliozaliwa wakaitwa mvulana, nao walijijua ni wanawake. Au wakaitwa msichana, nao walijijua ni wanaume. Kabla ya kupewa dawa walipitishwa muda mrefu kwa daktari wa akili, kila mara kueleza yale yale. Kwetu walifika bila kula chochote. Muuguzi aliwatoa damu, mimi nikawapa kahawa ya moto na mkate wenye jamu, halafu nikawashusha kwenye mashine ya mifupa. Mtu analala tu, mkono wa mashine unapita juu yake bila kumgusa, na waganga wanaona kama mfupa umeanza kuwa mwepesi. Wengi walinishika mkono kwenye lifti. Niliwaacha wanishike.

Siku moja nilimuuliza Profesa, mkuu wetu sote, dawa hizi zitawafanya nini watu hawa wakifika umri wa mama yangu.

"Sijui, Georgette," akasema, akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Waganga wanaochunguza jambo hili ni wachache, na watu tunaowafuatilia ni wachache. Mwaka wa kwanza tunawaona. Baadaye wengi wanapotea, na majibu yanapotea nao. Ninachojua ni kwamba vidonge hivi vinaweza kugandisha damu mguuni. Ndiyo sababu nataka warudi."

Ndipo akaja Régine. Majina ya wote nayakumbuka. Lake peke yake nimelibadilisha, na amenikubalia kuandika haya. Alikuwa msichana wa kwetu Katanga, aliyezaliwa akaitwa mvulana, anameza vidonge vya homoni tayari. Alhamisi hiyo nilikuwa kwenye korido nikicheka kwa Kiswahili kwenye simu ya wodi na binti yangu. Régine alisikia lugha. Alichukua koti lake akashuka ngazi kabla ya kutolewa damu. Miadi iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Barua za wodi hakuzijibu.

"Ni mimi anayenikimbia," nilimwambia Madame Lutgarde. "Anaogopa nitamtangaza Matonge, kwenye mtaa wetu Wakongo."

"Nitakubadilishia siku," akasema. "Lakini kwanza awepo."

Kumtafuta nisingeweza. Pale Matonge kila mtu alijua ninafanya kazi wapi, hata orofa gani. Kumsalimia tu mbele ya watu kungetosha kuwaambia.

Halafu, Jumamosi moja, nilikuwa nimekaa kusukwa katika saluni ya Maman Charlotte, karibu na Chaussée d'Ixelles, na Régine akaingia. Alikuwa akichechemea. Aliponiona alisimama mlangoni, mkono bado kwenye kitasa.

"Ingia, chérie, baridi inaingia na weye!" Maman Charlotte akapaza sauti. "Maman Georgette, uyu ni Régine, mutoto wa Lubumbashi sawa weye. Munajuana?"

Kwetu, kumkana mtu wa nyumbani ni kumtukana. Nilimtazama Régine usoni.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

"Weye! Unajua hata jina ya imbwa ya padri, alafu mutoto wa kwenu humujui?"

"Imbwa inakuja misa kila siku ya Mungu. Huyu simuonaka kule."

Saluni nzima ilicheka. Régine hakucheka, lakini aliachia kitasa, akakaa. Akavua kiatu kimoja. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, linang'aa. Wa kulia ulikuwa mzima.

"Lete nikukande na mafuta ya moto," Maman Charlotte akasema, akiinuka tayari.

 Nikamshika Maman Charlotte kitambaa cha kiunoni.

"Usikande! Kwenye kazi yetu tunafundishwa hivi, ata kwa mama mwenye kuzaa juzi: mguu mumoja ukivimba peke yake, damu inaweza kuwa imeganda. Ukikanda, inaweza kupanda kwenye mapafu. Mutoto, enda urgence sasa hivi. Hospitali yoyote. Uonyeshe mganga dawa zote unameza. Mimi nitabaki hapa, nywele yangu haiishe leo."

Hilo la mwisho alilielewa. Nilikuwa nikimwambia: sitakufuata. Alivaa kiatu, akaondoka kwa teksi. Nilisukwa mpaka jioni bila kusikia maumivu ya kichwa, nikimwomba Mungu juu ya ule mguu tu.

Alhamisi ya wiki ya tatu alikuja orofa ya nne na soksi nene za hospitali. Damu ilikuwa imeganda kweli, walimlaza, wakaiyeyusha. Profesa alimwondolea vile vidonge, akampa homoni ya kubandika kwenye ngozi. Nikamletea mkate.

"Maman," akasema, "ulinikana vizuri."

"Kula, mutoto wangu. Uko na njaa."

Nilistaafu nikiwa na magoti mabovu. Mjukuu wangu Grâce, muuguzi, ananiambia leo wachunguzi ni wengi kuliko zamani, dawa ni bora, lakini kuhusu uzee bado wanatafuta. Basi wamtafute Régine. Hajakosa miadi tangu wakati ule, naye sasa anavaa miwani ya kusomea. Tukikutana Matonge, namwacha aanze yeye. Akiwa na watu wa kwao, wakati mwingine anapita kimya, nami naangalia ndizi za dukani. Siku nyingine anavuka barabara mbio, magari yanapiga honi, anapaza sauti, "Maman Georgette! Uko muzima?" Hapo nami namwita kwa jina lake lote.