Alama Tatu za Toni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliripoti katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Kajiado nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Nilipofika ofisini vilikuwa vimegeuka rangi ya vumbi. Mkuu wa Idara ya Kiswahili, mzee mrefu aliyepigia hata rejista mistari kwa rula, alinipa karatasi zilizochapwa kwa stensili, wino bado unanuka.

"Hadithi fupi ya kisayansi," akasema. "Kidato cha Tatu. Mhusika, toni, dhamira. Mwongozo uko nyuma."

Fasihi ilifundishwa hivyo siku zetu. Ulieleza kwamba mhusika ni yule anayetenda katika hadithi, toni ni hisia inayosikika katika sauti ya msimulizi, na dhamira ni lile jambo ambalo mwandishi alikusudia tuondoke nalo. Kisha mwongozo wa kusahihisha ulikupa jibu la kila swali na alama zake.

Hadithi yenyewe ilihusu roboti inayotunza kituo cha maji kwenye sayari ya mbali. Mtu wa mwisho pale amekufa. Hata hivyo, kila asubuhi roboti inajaza kikombe cha marehemu huyo, inangoja, kisha inamwaga maji. Mimi nililelewa Machakos kwa hadithi za sungura na fisi, na hii ilinichanganya kabisa. Roboti ni mhusika, ama ni kifaa tu kama jembe? Mwongozo ulisema mhusika mkuu ni marehemu, toni ni ya hofu, na dhamira ni hatari ya kutegemea mashine. Nikafundisha hivyo.

Katika mtihani, msichana mkimya aliyeitwa Naserian aliandika kwamba toni ni ya huruma, kwa sababu roboti hupunguza ngurumo yake kila inapopita mlangoni kwa yule mtu. Nilimpa sufuri. Siku niliyowaonyesha karatasi zao, akanifuata katika chumba cha walimu.

"Mwalimu, nimesoma mara tatu. Hofu iko wapi?"

Nilifungua hadithi nimwonyeshe. Nikatafuta ukurasa wa kwanza, nikaenda wa pili. Sikuiona.

"Babu alipokufa," akasema, "nyanya alikuwa bado anamwekea chai. Hatukumwogopa."

Nikafuta sufuri, nikampa alama tatu. Lakini Mkuu wa Idara alikuwa na desturi ya kupitia karatasi kabla alama hazijaandikwa kwenye ripoti. Aliniita.

"Mwalimu, hizi tatu zimetoka wapi?"

"Ako na ushahidi, mzee."

"Wote wako na ushahidi. Kila mtu akija na hisia zake, tutasahihisha nini? Futa."

Nikafuta. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa watoto wasije wakapewa alama kwa mapenzi ya mwalimu, na hilo hata mimi naliogopa. Nilipomrudishia karatasi, Naserian aliangalia ile alama ya kalamu nyekundu, akaikunja karatasi mara nne. Hakuinua mkono tena darasani kwangu hadi alipomaliza shule.

Miaka ya elfu mbili ilinikuta Kitengela, katika shule iliyokuwa karibu na mtaa wa Noonkopir, nikiwa mimi sasa ndiye Mkuu wa Idara. Niliitoa ile hadithi tena, nikaandika mwongozo wangu: toni yoyote yenye ushahidi ikubaliwe. Nilijiona nimelipa deni.

Mwalimu Wanjiru, aliyekuwa ametoka chuo mwaka huo, akaniletea karatasi mbili.

"Madam, huyu anasema toni ni ya kuchekesha. Nimpe?"

Nilisoma. Mtoto alieleza kwamba roboti ni kama karani ambaye hajaambiwa mkubwa wake alishaondoka. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

"Mpe."

"Na huyu anasema ni ya furaha. Roboti inafurahia kazi yake."

Nilimrudishia ile karatasi. "Huyu usimpe."

"Kwa nini? Ako na ushahidi."

"Wote wako na ushahidi," nikasema, na nikajisikia nikisema.

Wanjiru akazikusanya karatasi zake. Mwishowe nilimwambia ampe, kesho yake nikamwambia asimpe, na keshokutwa nikaona haya kumwuliza alifanya nini.

Nilipostaafu, Mwalimu Mkuu alinisifu mbele ya wazazi kwa kuwa na msimamo. Niliinamisha kichwa. Nyumbani, nilimsomea mume wangu ile hadithi kwa mara ya kwanza. Yeye alitengeneza pampu za visima maisha yake yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa hiyo mashine ilikuwa inaomboleza," akauliza, "ama ilikuwa imeharibika?"

Miaka zaidi ya ishirini mbele ya ubao, na sijawahi kuulizwa vizuri hivyo.

"Sijui," nikamwambia.

Akasogeza kiti karibu. "Basi anza tena. Polepole."

Nikavaa miwani, nikaanza.