Kuku Wetu Alipotagia kwa Mzee M'Ikiara

Nakumbuka asubuhi ile tuliyompaka kuku chumvi matakoni, na usicheke kabla sijamaliza, mjukuu wangu.

Nasikia huko mtaa wa Dallas, mjini Embu, umetangaza kwamba wewe ni mpelelezi, tayari umemkamata aliyelamba maziwa ya unga. Vizuri. Kazi hiyo iko kwa damu yetu. Hapa Kanyakine mpelelezi alikuwa nyanya yangu Tabitha, nami nikiwa mdogo kama wewe nilikuwa mwanafunzi wake. Sukari ikipungua alitupanga mstari akatunusa midomo. Jembe likipotea alienda kutazama ni shamba la nani limelimika ghafla.

Basi kuku wetu mwekundu akawa anatangaza kila siku kwamba ametaga, na mayai hakuna. Nyanya aliyataka ya kuangulia, maana mwewe alikuwa amemaliza vifaranga wote. Tukamchunguza mbwa, tukamchunguza hata babu. Wapi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nyanya akasema. "Karimi, lete chumvi."

Kuku mwenye yai ukimpaka chumvi pale nyuma, humwasha, akakimbia moja kwa moja hadi kiotani kwake. Na huyo alikimbia, mwanangu. Akapita kwa migomba, akapenya chini ya ua, mimi nyuma yake kwa magoti, hadi ndani ya nyumba ya Mzee M'Ikiara, jirani yetu aliyekuwa amefiwa na mke. Mlango ulikuwa wazi. Chini ya kitanda nikaona kiondo cha marehemu, kimetandikwa majani makavu ya mgomba, na ndani mayai yetu yote. Kutoka uani hadi mlangoni nafaka ya wimbi ilikuwa imemwagwa kidogo kidogo, ya kumwita kuku.

Nikapiga kelele: mwizi. Unajua neno hilo linavyoita watu huku kwetu. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharagwe wakaja na majembe, mmoja ameshika panga. Mzee akatoka akasimama hapo mlangoni.

Nyanya akafika anahema. Akatazama kile kiondo, akamtazama mzee, akatazama lile panga.

"Mnatafuta nini hapa?" akauliza. "Kuku ni wangu, na ni mimi nilimwomba Mzee amtunze. Sijui huyu mtoto ameamkia wapi leo. Rudini kwa maharagwe yenu."

Wakaenda wakinung'unika. Ndipo Mzee akasema, macho chini, "Tabitha, hata moja sijala. Nilijua utayatafuta, na ukiyatafuta utabisha hodi. Tangu tumzike mama wa watoto, hakuna mtu amebisha hapa."

"Si ungeyaleta kwangu tu?"

"Nikiyaleta, wewe hutakuja."

Nyanya akaingia ndani. Kisha akaketi. "Weka chai, M'Ikiara. Na kiondo kiache hapo hapo, kuku amekizoea."

Njiani ndipo niliposhikwa sikio. "Ulimfuata kuku vizuri, ukampita mtu," akaniambia. "Mpelelezi mjinga huuliza nani amechukua. Mwenye akili huuliza amepungukiwa na nini." Adhabu yangu ikawa kwenda kuokota yai kule kila jioni, nikinywa chai nyepesi na kusikiliza hadithi ya fahali wake, ile ile, hadi nikawa namsahihisha.

Leo mzee ni mimi. Babu yako amelala kaburini pale juu ya shamba, nanyi mko mjini. Mnapiga simu Jumapili, na kabla sijauliza mmekula nini, chaji imeisha. Jifya moja haliinjiki chungu, mwanangu. Siku hizi kuku wa Mama Mwenda, jirani wa ng'ambo ya ua, hupita mlangoni kwangu. Wimbi naimwaga mimi. Haya, mpelelezi, umenikamata.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Neno mwizi ni jiwe, likitoka mkononi haliitiki ukiliita lirudi. Kabla hujalitupa, ingia, keti, kunywa chai hata kama ni nyepesi. Na mlangoni kwa mzee usingoje upotelewe na kitu ndipo ubishe hodi.

Mungu akupe macho ya mwewe na mdomo mzito. Akupe uzee wenye kelele za watoto mlangoni. Mama Mwenda bado hajakuja kuuliza mayai yake. Nimeyahifadhi chini ya kitanda, na maji ya chai yako motoni.