Zuhura Alivyorudi Mlimani

Usiku ule nililala nimenuna, na mimi si mtu wa kununa. Nilikuwa nimegombana na mama. Arobaini ya Zuhura ilikuwa imeshapita, na kesho yake mimi na Neema tulipanga kupanda tena mlima, mara ya kwanza bila yeye. Sote watatu tulikuwa tunasuka nywele saluni moja hapa Morogoro, na Zuhura ndiye aliyetuanzisha. "Shoga zangu, tutaota mizizi kwenye hivi viti," alisema, na Jumapili yake tukajikuta tunahema kwenye milima ya Uluguru, akina mama wanaotelemsha mboga wanatucheka: "Mnafuata nini huku, mmepoteza mbuzi?"

Mbuzi hatukupoteza. Ila huko juu, tumekaa kwenye jiwe, ndiko Neema alikotuambia kwamba mchumba wake anampiga. Tulipotelemka hakurudi tena kwa yule bwana. Na mimi niliyekuwa naogopa hata jogoo wa jirani, nikaanza kusema "hapana" na watu wakanisikia.

"Mlima ndio umemmaliza mwenzio," mama aliniambia jioni ile.

"Mama, Zuhura amekufa kwa malaria."

"Na hiyo malaria kaitoa wapi? Huendi. Ukitoka mlango huu, usiniite mama."

Neema naye alishasema, mimi nisipokwenda, na yeye haendi. Nikaona kabisa kwamba safari zetu zinaishia hapo. Nikajifunika shuka gubigubi.

Basi, nikawa saluni. Namsuka mteja ambaye nywele zake hazina mwisho. Nasuka, nasuka, vidole vinauma, na ile mashine ya kukaushia inavuma nyuma yangu. Nikageuka niizime. Si mashine tena, ni mto, maji yanapiga mawe. Niko kwenye njia ya mlimani, ukungu umeshuka, majani yananilowesha magoti. Neema yuko nyuma yangu, anasema, "Twende, twende, tunachelewa," lakini hasemi tunachelewa wapi. Nakaza mwendo. Kila nikipiga hatua, njia inajivuta kama mpira. Moyo unanienda mbio, natafuta kitu na sijui ni kitu gani.

Mara nasikia mtu anacheka. Kicheko kile nakijua. Ni Zuhura, yuko nyuma yetu kabisa, mahali pake pa siku zote. Amevaa dera lake la kazini, chanuo amelichomeka kichwani. Hana hata tone la jasho. Nataka kumkimbilia, miguu inakataa kugeuka.

"Zuhura, si tulikuzika?"

"Mlinizika," anasema, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula. "Tembea."

Nikatembea. Mbele njia inakuwa nyembamba, huku korongo, huku korongo, na katikati yake, juu ya kigoda, ameketi mama. Anachambua mchicha. Hatutazami. Nataka kumwambia atupishe, sauti haitoki. Neema anajaribu kupita kushoto, udongo unamomonyoka. Mimi najaribu upande wa kulia, nashika mzizi, mzizi unakatika kama uzi. Narudi, najaribu tena. Ukungu unazidi, na mama anachambua tu, na sasa naona mchicha unamdondoka na yeye hauokoti.

Zuhura amefika karibu. Nausikia ubaridi wake shingoni.

"Mbona mnamzunguka?"

"Ametuzibia njia."

"Anaogopa. Kwetu, anayeogopa anawekwa wapi?"

Hapo nikakumbuka, nikaona aibu humo humo usingizini. Kwetu anayeogopa anatangulizwa, na wengine wote wanafuata mwendo wake. Mimi mwenyewe Jumapili ile ya kwanza ndiye niliyetangulizwa, nikawa natembea kama kinyonga, na Zuhura, mwenye mapafu ya farasi, akawa wa mwisho na hakunihimiza hata mara moja. Nikainama nimshike mama mkono. Mkono ulikuwa wa moto. Nikageuka nimwambie Zuhura nimeelewa, na nyuma yangu kuna Neema tu na ukungu.

Nikaamka. Foronya imelowa. Kulikuwa kunapambazuka, na uani mama anafagia, anafagia pale pale palipokwisha kuwa safi, kama mtu ambaye hakulala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Nimemwota Zuhura. Kanituma kwako. Anasema tukutangulize."

Ufagio ukasimama.

"Mnitangulize wapi?"

"Mlimani. Wewe mbele, mimi na Neema nyuma. Tunakwenda mwendo wako. Ukisema turudi, tunarudi."

"Mimi? Na haya magoti?"

"Na hayo hayo magoti, mama."

Akautazama mlima, ule ule alioishi chini yake maisha yake yote, akautazama kama mtu anayemkagua jirani aliyehamia jana. Mama akaegemeza ufagio ukutani, akajifunga kanga yake upya kiunoni, akaikaza.

"Na huko juu," akaniuliza kwa sauti ndogo, "mtu akibanwa na mkojo, anakwenda wapi?"