Msitu Uliolipiwa Usikatwe

Hapa Korogwe, ninakoishi tangu nilipostaafu, watu wanaojua kwamba nilikuwa ofisa misitu huniuliza kama ni kweli mtu aliye mbali anaweza kulipia miti yetu, na moshi wa viwanda na ndege zake ukahesabiwa kuwa umefutika. Huwa sijibu ndiyo wala hapana. Huwaeleza habari ya msitu mmoja wa Handeni, kwa kuwa huo niliushuhudia.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakibinafsishwa, wenzangu wakipunguzwa kazini, na kila aliyefika wilayani kwa gari jeupe alipokewa kama mwekezaji. Mmoja wao alileta mpango wa kununua hewa. Kampuni yake ingekilipa kijiji kiuache msitu usimame. Moshi ambao ungetoka kama miti ingekatwa na kuchomwa ungeandikwa kuwa umeokolewa, na uokozi huo ungeuzwa kwa watu wa nchi za mbali waliotaka kufidia moshi wao.

"Hiyo hewa wataibeba kwa madebe, Bwana Misitu?" mwenyekiti wa kijiji aliniuliza pembeni.

"Haibebwi. Inahesabiwa."

"Basi wahesabu. Sisi tutaendelea kuivuta bure."

Msitu wenyewe ulikuwa wa makaburi na matambiko ya ukoo mmoja wa Kizigua. Hadi wakati huo, katika utumishi wangu wilayani, sikuwa nimewahi kuona humo kisiki kilichotokana na shoka. Hata fimbo ya kuchungia haikutolewa. Mwangalizi wake alikuwa bibi mmoja mjane, ambaye kila mwaka kabla ya kupanda mahindi aliingia amejifunga kaniki, ana unga na kibuyu cha pombe, akaseme na wazee wake.

Kwenye mkutano wa kijiji mgeni aliuliza, kupitia mkalimani: bila malipo haya, mngeukata? Swali lilikuwa la haki, maana mpango wote uliegemea hapo. Kama msitu haukuwa hatarini, hakuna kilichookolewa, na hakuna cha kuuza. Lakini mambo ya tambiko hayatajwi mbele ya mgeni, na kusema "hatuukati" kungeleta swali la pili, kwa nini. Mwenyekiti alimtazama bibi. Bibi akatazama chini. Mwenyekiti akajibu kwamba wangeukata, na watu wakapiga makofi ya adabu.

Nilisimama nikasema kuwa msitu ule haujawahi kukatwa. Mkalimani hakutafsiri.

"Kaa, mwanangu," bibi aliniambia kwa upole. "Hayo si ya wageni."

Nilikaa, lakini taarifa yangu niliiandika kama nilivyoujua msitu. Wakubwa wangu waliniuliza kama nilikuwa nataka kufukuza wawekezaji.

Kampuni iliweka mlinzi, mwanamume wa kijiji hichohicho, ikamvisha mabuti na kumwamuru asiruhusu mtu yeyote kuingia. Masika yalipokaribia, bibi alikuja na kibuyu chake. Nilikuwapo.

"Shikamoo, bibi. Sina ruhusa ya kukupisha."

"Marahaba. Nani kakukataza?"

"Kampuni."

"Hiyo kampuni ina kaburi humu?"

Mlinzi alicheka kwa haya. "Bibi, mimi nina watoto."

"Najua. Niliwapokea mimi wakizaliwa."

Aligeuka, akarudi na pombe yake. Niliandika kuomba aruhusiwe siku moja tu kwa mwaka, nikajibiwa kwamba mkataba hauna kifungu cha namna hiyo. Mwaka ule alipanda bila kuingia msituni.

Vijana walikuwa wakitazama. Walimwona mlinzi akiingia na mabuti yake na kujisaidia humo kila siku, wala haugui. Walimwona mwenye msitu akirudishwa kama mpita njia. Hofu ya wazee ikawatoka, na badala yake pakabaki mlinzi mmoja, ambaye akipewa chai hutazama kando. Kiangazi kilichofuata matanuri ya mkaa yalikuwa yakifuka ndani ya msitu. Mkaguzi wa kampuni alipokuja alionyeshwa upande wa barabarani, ambako miti ilikuwa bado imesongamana. Akaridhika, na hewa ikaendelea kuuzwa. Aliyeinunua huko aliko alilala akiamini ametenda jema. Yeye simlaumu. Nawalaumu waliojua, wakamuuzia.

Nilikwenda kumwambia bibi. Nilimkuta akipukuchua mahindi ya mbegu.

"Makaburi wameyafikia?"

"Bado, ila si mbali."

Alikusanya punje zilizoanguka, akazirudisha ungoni. "Basi nipeleke nikawaage."

Tuliingia kwa njia ya wachoma mkaa. Mlinzi alikuwa ameketi kivulini. Alimwamkia bibi, akatupisha. Bibi alipiga magoti akazungumza na wazee wake kwa sauti ndogo, nami nikasimama kando, nimevua kofia. Shoka halikunyamaza kutungoja.