Baba Alitaka Kutangulia

Nakumbuka Jumamosi moja, miaka ya themanini ikikaribia kwisha, nikikimbia kwenye barabara kuu kutoka Awasi kuelekea Kisumu, nimevaa kaptula iliyokuwa fupi kuliko heshima yangu. Karibu na Ahero, mwanamke aliyekuwa akipalilia kando ya barabara aliinua uso, akaniona, akatupa jembe, akashika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kulia. Alikuwa Mama Akoth, jirani yetu wa siku nyingi.

Kwetu, mwanangu, mtu mzima hakimbii ovyo. Mtoto akikimbia anacheza, kijana akikimbia amechelewa shule, lakini mzaliwa wa kwanza mwenye mvi akionekana anakimbia asubuhi kuelekea kwa baba yake, huyo amebeba habari za msiba. Ilinibidi nisimame, nihangaike na pumzi, nimweleze kwamba hakuna aliyekufa. Nilikuwa nafanya mazoezi tu.

Mama Akoth alijifuta machozi kwa kanga, akanitazama kuanzia viatu hadi kaptula, kisha kaptula tena.

"Kwani mshahara umeisha?" akaniuliza. "Hata nauli ya kutoka Awasi umekosa?"

Nilikuwa nimefika arobaini. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, kazi ya ofisini mjini Kisumu, nyumba nzuri ya kupanga, na tumbo lililokuwa likinitangulia mlangoni. Daktari alinionya kuhusu presha, nami nikaanza kukimbia jioni kwenye barabara ya Busia. Siku ya kwanza nilitoka na nia ya kufika Kisian, nikafika kituo cha mafuta. Lakini niliendelea, na baada ya mwaka mmoja Kisian ilikuwa karibu mno. Nilinunua saa ya kupimia mbio. Nilinunua vitabu. Vitabu viliposema mkimbiaji ale tambi siku ya Ijumaa, nilikula tambi, huku nikimtazama mke wangu akila samaki wa ngege na ugali kana kwamba yeye ndiye aliyepotoka. Mtu asiyesoma akishikwa na uraibu huona haya. Sisi tuliosoma huuita programu.

Programu yangu ilitaka mbio ndefu kila Jumamosi. Nilikuwa nikiomba lifti kwenye lori la miwa hadi Awasi, kisha narudi mjini kwa miguu. Lango la baba yangu lilikuwa njiani, upande wa mashamba ya mpunga, na hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo.

Kwa desturi yetu, kijana akibalehe hujengewa kibanda karibu na lango la baba yake. Tunakiita simba, na hakina uhusiano wowote na mnyama. Humo hulala, humo huoa, humo huanza kupata watoto. Lakini hapaswi kuzeekea humo. Siku huja ambapo baba humtoa mwanawe akaanzishe boma lake mwenyewe. Hutoka alfajiri: baba mbele, mwana nyuma yake na shoka na jogoo, mke wa mwana akifuata na moto. Baba ndiye anayeonyesha mlango utazame wapi, na ndiye anayechimba shimo la nguzo ya kwanza. Nyumba ndogo husimama kabla ya jua kuzama. Na mkubwa hutoka kwanza. Mdogo hawezi kumruka kaka yake.

Basi mimi, bwana mkubwa wa Kisumu, nilipokwenda nyumbani na mke wangu na watoto, tulilala ndani ya simba. Miguu yangu ilitokeza nje ya kitanda. Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu Ouko, mwenye mke na watoto, amebanwa katika simba yake kwa sababu mimi sijatoka katika yangu. Baba alikuwa ameshachagua mahali pangu: mwinuko mdogo ng'ambo ya mfereji wa maji, ambapo mafuriko hayafiki. Alikuwa ametenga hata jogoo. Kilichokosekana ni siku, na mwenye siku nilikuwa mimi.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mkulima wa mpunga, na miguu yake ilikuwa imesimama majini karibu maisha yake yote. Alipojua kwamba napita kila Jumamosi, alianza kutoa kiti chake langoni. Mara ya kwanza niliposimama, aliniambia niingie ninywe uji, tuzungumze mambo ya boma. Nikamweleza kwamba nikikaa misuli itapoa, nikaendelea kurukaruka mbele yake mahali pamoja wakati nikisema hivyo, kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Mara zilizofuata sikusimama kabisa. Nilipunga mkono. Naye alipunga mkono.

Visingizio vyangu vilikuwa na mantiki nzuri, na ndicho kinachonisumbua hadi leo. Kwanza nilisema tungoje mvua ziishe. Kisha kulikuwa na mbio za Eldoret, kisha goti liliniuma na sikutaka kubeba shoka, kisha mbio nyingine. Jogoo wa kwanza alizeeka akaliwa na wageni. Akatengwa wa pili. Huyo alikufa kwa kideri. Ouko aliniambia kwamba kuku wa boma letu sasa wanaogopa kuteuliwa.

Miaka ya tisini ikaingia hivyo hivyo. Siku moja ya Jumamosi nilimkuta Baba hayuko kwenye kiti. Amesimama katikati ya njia ya pembeni ninayopita, ameegemea fimbo. Ilibidi nisimame, la sivyo ningemkumba. Aliweka mkono kifuani pangu, palipokuwa pamelowa jasho, akauacha hapo.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "wewe unaizoeza miguu yako. Mimi yangu inaniaga. Ukitaka nitangulie, nipe siku ambayo bado ninaweza."

Nilimwahidi. Nilimwambia kuna mbio kubwa hapa Kisumu mwishoni mwa mwaka, zina kundi la wakimbiaji waliozidi miaka arobaini, na safari hii naweza kupata nafasi ya tatu. Baada ya hapo, Baba, nitakuja na shoka mkononi. Aliondoa mkono kifuani pangu na kuupangusa kwenye suruali, taratibu. Nilibonyeza saa yangu iendelee kuhesabu.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema ni tumbo la nani. Mimi langu lilikuwa limekwisha kabisa, nilikuwa mwembamba kama ufito.

Yalipobaki majuma mawili kabla ya mbio, Ouko alikuja mjini akanikuta ofisini. Hakuketi. Aliniambia kwamba Mzee anafanya mazoezi. Nilicheka, nikidhani ananitania kama kawaida yake, lakini hakucheka nami. Akaniambia kwamba tangu siku ile ya njiani Baba amekuwa akitoka kila jioni kutembea kuelekea mfereji. Mwanzoni alifika kwenye mti wa siala akarudi. Baadaye akafika ukingoni. Mama humkanda miguu kwa maji ya moto usiku, asubuhi hupumzika, jioni hutoka tena.

"Jana amevuka," Ouko akasema. "Amefika hadi kwenye mwinuko wako, amesimama, amerudi. Hakushikwa na mtu. Ameniambia, mwambie kaka yako niko tayari Jumamosi hii. Si nyingine. Hii."

"Jumamosi hii haiwezekani," nikasema. "Yamebaki majuma mawili. Kukesha, kubeba miti, kujenga kutwa nzima... nitaharibu kazi ya mwaka mzima. Mwambie mara tu baada ya mbio."

"Omera, ndugu yangu, mbio zako zitakuwepo mwaka ujao."

"Na Baba pia atakuwepo."

Ouko alitazama vitabu vyangu kwenye rafu, akatazama mlango, akaondoka bila kuaga.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo elimu yangu ilipoaibika. Kitu kimoja nilichokuwa nikikijua kuliko watu wote wa ofisi ile ni kwamba mkimbiaji ana siku yake. Anapanda polepole kwa miezi, anafika kileleni, anakaa hapo muda mfupi tu, kisha anaanza kushuka, apende asipende. Ukimpeleka mapema hajaiva, ukimchelewesha ameshapita. Nilikuwa nikiwahubiria wenzangu jambo hilo hadi wananikimbia wakati wa chai. Na pale Ahero alikuwepo mwanariadha mzee kuliko mimi, mwenye safari fupi kuliko yangu na ngumu kuliko yangu, ambaye alijizoeza jioni baada ya jioni bila kitabu wala saa, akafika kileleni mwake, akaijua siku yake na kuitaja. Nami, mtaalamu, nilimwambia asubiri.

Nilikimbia mbio zile. Sikuwa wa tatu. Hata kama ningekuwa wa tatu hadithi hii isingebadilika, lakini sikuwa. Mbele yangu alimaliza mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye kitambi, aliyeniambia kwa upole kwamba nilianza kwa kasi mno.

Jumamosi iliyofuata nilifika nyumbani na mke wangu, na shoka, na jogoo niliyemnunua mwenyewe kwa kujionyesha. Nilimkuta Baba kitandani. Miguu ilikuwa imevimba tangu magoti hadi vidole, inang'aa. Mama alisema ilianza siku chache baada ya Jumamosi ile aliyoitaja. Aliamka akashindwa kukanyaga.

Hata hivyo alfajiri iliyofuata alitaka kuvishwa koti. Mimi na Ouko tulimwinua. Alipiga hatua mbili tatu hadi mlangoni, na hapo magoti yakamkatikia, tukamkalisha kwenye kiti chake. Ndipo mimi msomi nikatoa pendekezo. Nilisema naweza kuomba pikapu ya rafiki, tumpakie, tuzunguke kwa daraja la juu. Ouko alipotikisa kichwa, nikasema basi tumbebe kwenye kiti.

"Baba habebwi kwenda kumtoa mwanawe," Baba akasema. Hakuwa na hasira. "Mwiteni Ogola."

Ogola alikuwa mdogo wake, baba yetu mdogo, mwenye afya na miguu ya ng'ombe dume. Desturi inamruhusu ndugu kushika nafasi ya baba aliyeshindwa au aliyekufa. Hakuna aliyeweza kusema boma langu lilianzishwa vibaya. Baba mdogo Ogola alitangulia, mimi nikafuata, mke wangu nyuma yangu na moto, na Baba alibaki kwenye kiti mlangoni akiangalia migongo yetu. Tulipofika mferejini niligeuka. Alikuwa ameinamia mbele, amekamata fimbo kwa mikono miwili, kama mtu anayesukuma kitu ambacho hakimo mkononi mwake.

Ogola alichimba shimo la kwanza. Alilichimba vizuri. Nyumba ilisimama kabla ya jua kuzama, na watu walikula, na Mama Akoth alitania kwamba leo nimekuja polepole, hivyo hakuna msiba. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu.

Baba aliishi hadi mvua za masika. Hakuwahi kuvuka tena. Chakula cha kwanza kilichopikwa katika boma langu nilimpelekea kwenye sahani iliyofunikwa. Alikula kidogo, akaniuliza mlango unatazama wapi. Nikamwambia unatazama ziwani.

"Mimi ningeugeuza kidogo," akasema. "Upepo wa mvua hutoka huko." Kisha akaona uso wangu, akanigusa goti. "Lakini Ogola si mjinga. Utakaa."

Huo ndio uliokuwa ukali wake wote. Laiti angenitukana.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa methali hiyo shuleni na tukaiandika kwenye madaftari. Mimi sikusikia la mkuu, na guu langu halikuvunjika. Lilizidi kupata nguvu kila mwezi. Ndiyo sababu sikushtuka mapema. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Mwanangu, sikuambii uache kukimbia. Hata mimi bado nakimbia, ingawa siku hizi wanaonipita ni pamoja na akina mama wanaokwenda sokoni na mizigo kichwani. Kukimbia kumenipa uhai, na uhai si kitu cha kudharau. Ninachokuambia ni hiki: yapo mambo ambayo miguu yako peke yake haiwezi kuyafanya, hata ikiwa imara namna gani. Yanahitaji mtu mwingine atangulie. Mtu huyo naye ana siku yake, na akiitaja, usimpe siku yako badala yake. Acha mbio. Acha ofisi. Vua saa uiweke mfukoni, uingie ndani, unywe uji hata kama misuli itapoa. Misuli hupashwa moto tena. Na kama una ndugu nyuma yako anayesubiri wewe utoke ndipo naye atoke, jua kwamba kuchelewa kwako kunalala katika kitanda cha mwingine.

Mungu akupe pumzi ndefu na magoti yasiyolalamika. Akujalie wazazi watakaoishi hadi wachoke na maswali yako, nawe upate kuona mgongo wa baba yako mbele yako alfajiri, ukitembea polepole, nawe nyuma yake usitake kumpita. Na mlango wa nyumba yako utazame mahali ambapo yeye mwenyewe amepachagua.