Pumzi Moja Juu ya Paa

Harlan Stegall alikuwa mtu wa kuchukia. Aliwachukia mbwa wanaobweka ovyo, wahubiri wanaochelewesha watu chakula cha Jumapili, na chai isiyo na sukari. Lakini hao aliwachukia kwa kupita tu. Chuki yenyewe hasa, ile aliyoilisha na kuinywesha kwa miaka ishirini na ushei, alimwekea mtu mmoja: Doyle Mabry.

Walikulia kaunti moja huko Carolina, na ujanani walishindana kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya kinu cha mbao, kila mmoja na gari alilolifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu. Jumamosi moja, kwenye kona ya mwisho, gari la Doyle lilimgonga Harlan ubavuni, Harlan akaenda kuukumbatia ukuta. Alitoka hospitali na nyonga ya chuma, na hakuendesha tena mashindano. Doyle alikwenda kumtazama akiwa na ndoo ya kuku wa kukaanga.

“Niliachia mafuta, Harlan. Naapa niliondoa mguu.”

“Mwongo mkubwa wewe! Toka hapa. Na kuku wako toka naye.”

Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kati yao. Kaunti nzima iligawanyika: huyu anasema Doyle aliachia, yule anasema aliendelea kukanyaga. Wapo mabinamu hawazungumzi mpaka leo kwa ajili ya mguu wa mtu mwingine.

Siku za wiki Harlan hutengeneza mabasi ya shule. Jumapili za mashindano hupanda juu ya paa la jukwaa la watazamaji, akiwa na redio na kipande chake cha mkate na soseji baridi mfukoni, awe jicho la dereva. Dereva wa magari haya amefungwa mikanda kama mzigo, na shingo yake imebanwa hata hawezi kugeuka. Hajui aliye ubavuni mwake mpaka jicho lake limwambie. “Nje” maana yake kuna gari kati yako na ukuta. “Ndani” maana yake liko upande wa uwanjani. “Peupe” maana yake pita, baba. Na jicho likinyamaza, dereva huhesabu kwamba ni peupe. Ndiyo maana jicho likishasemwa kwamba lilinyamaza makusudi, halipati tena dereva. Mtu huyo amekwisha, na jina lake limekwisha.

Juu ya paa kila mtu ana mahali pake, amebandika utepe wenye namba ya gari lake, na hahami. Bahati mbaya ikapanga tepe za Harlan na Doyle, ambaye naye alikuwa jicho la dereva mwingine, zipakane. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa, bega kwa bega, msimu baada ya msimu, kwa sababu atakayehama kwanza ndiye atakuwa ameshindwa. Wakitaka kupelekeana habari za madereva wao, walimtumia Pruitt, jicho la gari jingine, aliyesimama upande wa pili.

“Pruitt, mwambie huyo dogo wake aache kuziba njia.”

“Doyle, anasema dogo wako aache kuziba njia.”

“Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie aende akale majani.”

Mwaka huo Harlan alikuwa jicho la Brantley Whisnant, kijana ambaye baba yake ana mabanda ya kuku kutoka mlima mpaka mto, na ndiye aliyemnunulia gari, mafundi, na hata adabu angemnunulia kama ingeuzwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini mzee Whisnant alikuwa bado hajafika kwenye kulia.

Siku ya maili mia tano jua lilikuwa kali, na bati la paa likawa kama kikaango. Brantley alianza matusi kabla hata ya maili mia. Matairi yakimsumbua, Harlan. Akipitwa, Harlan. Na kule kuna desturi ya watu kukodi visikilizio na kusikiliza redio za madereva, kwa hiyo jukwaa zima lilikuwa linakula karanga za kuchemsha huku likisikia mtu mzima anavyotukanwa. Miongoni mwao alikuwa Loretta, mke wa Harlan, ambaye hajakosa mashindano yake hata mamoja.

Zilipobaki duru chache, Brantley alikuwa wa tatu, na gari la bluu la dereva wa Doyle lilikuwa linamfukuza.

“Nje, mkiani,” Harlan alisema. “Bado yupo. Bado. Peupe.”

“Unanipigia kelele, kizee! Hata ulipokuwa na gari hukujua kuliendesha. Ndiyo maana unachechemea kama bata. Sasa funga domo mpaka nikuulize!”

Harlan alisikia kicheko kikipanda kutoka jukwaani chini ya miguu yake. Akajua Loretta amekaa katikati ya kicheko hicho. Wakati huohuo akaona pua ya gari la bluu ikiingia upande wa nje, kati ya Brantley na ukuta. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Amesema nifunge domo, Harlan aliwaza. Haya, nimelifunga.

Alikaa hivyo pumzi moja. Kisha akabonyeza na kupiga ukelele.

“Nje! Nje! Yupo nje!”

Lakini redio zile ni za zamu: anayesema hasikii. Na Brantley alikuwa tayari amebonyeza kitufe chake, anaendelea na matusi. Akalipandisha gari kwenye mwinuko wa kona, kuelekea ukutani, kana kwamba njia ni ya baba yake, likagusa la bluu, likageuka, likapiga ukuta kwa kishindo kilichotikisa paa. La bluu lilipita likijikwaruza. La Brantley lilisimama chini likitoa moshi, na ilichukua muda mrefu mno kabla ya mkono kutokea dirishani.

Alivunjika mkono na mtulinga. Atapona, daktari wa uwanjani alisema, ila hatashika usukani mpaka mwakani.

Mzee Whisnant alimngojea Harlan chini ya ngazi, uso umemwiva, na watu wamemzunguka.

“Umemnyamazia mwanangu! Umetaka kumuua!”

“Nilisema. Alikuwa amebonyeza yeye, hakunisikia.”

“Tumesikiliza sote hapa! Hukusema kitu!” akadakia mtu mwenye kisikilizio shingoni. Na ilikuwa kweli kwamba kila sikio uwanjani lilinasa sauti ya Brantley peke yake.

Loretta alipenya katikati ya watu. Alimtazama mumewe kwa macho mekundu.

“Harlan, mimi sikukusikia. Ulisema?”

Watu wengine wote wangeweza kumwita mwuaji, angewarudishia tusi kwa tusi. Swali hilo la Loretta lilimvunja.

“Alisema.”

Sauti ilitoka juu ya ngazi. Doyle Mabry alikuwa anateremka taratibu, anatema tumbaku kwenye kikopo.

“Huyu mtu nikimkuta anaungua simwagii maji, na nyote mnajua. Lakini nilikuwa nimesimama hapa, yeye hapa. Alisema mara tatu, tena kwa sauti ya kupasua masikio. Kama dogo wako angefunga mdomo wake mchafu, mzee, angesikia.”

Nani angebisha? Kama Doyle anamtetea Harlan, basi hata mbuzi angeamini. Whisnant alimumunya maneno, akatoa mkono, akaomba radhi mbele ya watu. Loretta alilia kwa raha akaenda kulileta gari.

Harlan alibaki na Doyle. Ilimbidi aseme kitu, na kila neno lilikuwa mwiba.

“Ahsante.”

“Usinishukuru.” Doyle alitema. “Lile gari la bluu ni langu. Nilikuwa natazama palepale ulipotazama wewe. Niliona pua ilipoingia, na nikaona kidole chako.”

Harlan alikificha kidole kile ndani ya ngumi.

“Nimewaambia ulisema. Lini, hawakuniuliza.” Doyle alifunika kikopo chake. “Na mimi niliachia mafuta, Harlan. Siku ile. Nilikwambia niliachia, ukaniita mwongo miaka yote hii. Niliachia. Nilichelewa tu, kama wewe leo.”

Akaenda zake.

Loretta alifika na gari, akamfungulia mlango, akampangusa jasho kwa kiganja.

“Nilijua tu ulisema. Nisamehe kwa kuuliza,” alisema. “Na Doyle naye, kumbe ni mtu wa haki. Sasa si muyamalize, baba?”

Harlan alipanda, akainyoosha nyonga yake ya chuma, akatazama mbele. Miaka yote alikuwa amemchukia mwongo, na kumchukia mwongo ni kazi nyepesi; kumchukia anayesema kweli na kujua siri yako ni kazi nyingine.

“Endesha,” alimwambia mkewe. “Na usinitajie tena jina la mtu huyo.”